Kyungu wa Kumwanza, bunge la Katanga, na jirani zetu waliopanda treni

Jumapili moja hapa Makomeno, baada ya ibada, vijana walikuwa na somo lao juu ya viongozi wa serikali. Mmoja akauliza: rais wa bunge la jimbo anafanya kazi gani hasa? Mwalimu alieleza vizuri, kisha akatoa mfano wa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, aliyeongoza bunge la Katanga kuanzia 2007. Mzee mmoja alitabasamu, akasema kwa sauti ya chini, "Baba wa Katanga." Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye wazazi wake ni watu wa Kasai, aliinuka akatoka kwenda kutafuta watoto wake, ingawa watoto walikuwa wakicheza mbele ya macho yake. Vijana waliona hayo, hawakuelewa. Wengi wao walizaliwa baada ya 2005.

Ninaandika kwa ajili yao, na kwa ajili yenu ndugu wa Bukavu, Uvira, Goma, Kindu na Kalemie. Mambo yenu ya vita tunayasikia kila siku kwa redio. Mambo yetu ya Katanga ya miaka ya 1990 hayasikiki tena, lakini yako bado ndani ya nyumba.

Tuanze na swali la kijana. Katiba ya 2006 iliyapa majimbo bunge lake. Wabunge wa jimbo wengi huchaguliwa na raia, na wachache, wasiopita sehemu moja ya kumi, huingizwa bila kura ya raia. Hao ni machifu wa kimila. Muhula ni miaka 5. Bunge hilo hutunga sheria za jimbo, hupitisha bajeti ya jimbo na kuchunguza kazi za serikali ya jimbo. Linaweza kumwita waziri wa jimbo aeleze fedha za barabara zilikwenda wapi. Linaweza hata kumwangusha gavana. Tena, na hapa watu wengi husahau, wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana na makamu wake, na ndio wanaochagua maseneta wanaokwenda Kinshasa. Raia hapigi kura hiyo. Ndiyo sababu kura ya mbunge wa jimbo ina bei, na wenye kuinunua hawakosi. Machi 2019 Rais Félix Tshisekedi alisimamisha kwa muda kuapishwa kwa maseneta wapya kwa sababu ya malalamiko ya rushwa yaliyotoka majimboni.

Rais wa bunge ni mmoja wa viongozi watano wa ofisi yake: yeye, makamu, wawili wa kuandika na kusoma taarifa, na mwenye kusimamia fedha. Yeye hupanga yatakayojadiliwa, hutoa nafasi ya kusema na huweza kuinyima. Hoja ya kumwuliza gavana maswali inaweza kulala mezani kwake mpaka kikao kifungwe. Ni kazi ya mdomo na masikio zaidi kuliko ya mkono.

Hapa Lubumbashi bunge hukaa katika Jengo la 30 Juni, lile ambalo wazee wanalijua kama teatro ya mji. Wabelgiji walilijenga miaka ya 1950. Mtu akipita pale leo haoni dalili ya ukumbi wa michezo, isipokuwa siku wabunge wanapogombana.

Sasa Kyungu. Alikuwa Muluba wa Katanga, na jina lake lilijulikana nchi nzima tangu 1980. Mwaka ule, wakati chama kilikuwa kimoja tu, MPR, na mbunge aliitwa kamishna wa watu, wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ndefu ya wazi wakimshtaki kwa jinsi alivyoiharibu nchi. Étienne Tshisekedi alikuwa mmoja wao, Ngalula Mpandajila pia, Kibassa Maliba pia, na Kyungu wa Kumwanza. Vijana wa leo wanaweza kufikiri ni jambo dogo, kwa kuwa sasa kila mtu anamtukana rais kwa simu yake. Wakati ule ilikuwa kujitia mdomoni mwa simba. Walikamatwa, wakapoteza viti vyao, wakafungwa, wakapelekwa mbali na makwao. Kutoka kundi lile kilizaliwa chama cha UDPS mwaka 1982. Watu wa Kasai na watu wa Katanga walikula mateso pamoja kwa ajili ya neno moja. Nataka msomaji ashike jambo hilo vizuri kabla ya kuendelea.

Aprili 1990 Mobutu aliruhusu vyama vingi. Nguza Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga aliyewahi kuhukumiwa kifo na Mobutu kisha akasamehewa, aliongoza chama cha UFERI, chenye kutaka serikali za majimbo zenye nguvu. Kyungu aliiacha UDPS akawa mkono wake hapa Katanga. Mwanzoni UFERI na UDPS walikuwa upande mmoja katika upinzani. Lakini Novemba 1991 Nguza alikubali kuwa waziri mkuu wa Mobutu, na Kyungu akawekwa kuwa gavana wa Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati ule. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza. Watu wa Kasai walifurahi barabarani. Na hapo moto ukawaka.

Lakini kuni zilikuwa zimekusanywa zamani. Kampuni ya Union Minière na kampuni ya reli, BCK, ziliajiri maelfu ya watu kutoka Kasai tangu miaka ya 1920, na baada ya reli kufika Ilebo mwaka 1928 safari ilikuwa nyepesi. Wabelgiji walipenda makarani na mafundi wa Kasai, wakawapa vyeo vidogo juu ya wenyeji, na waliona faida katika wivu uliotokea. Desemba 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa mji, mameya wote wa komini za weusi wa Élisabethville walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga ya kusini. Mwaka uliofuata CONAKAT ikaundwa, chama cha "wenyeji halisi", na kutoka humo tukafika kwenye kujitenga kwa Tshombe, Julai 1960. Katika mapigano yale Baluba wa Katanga na Baluba wa Kasai waliteswa pamoja, na mwaka 1961 maelfu yao waliishi katika kambi moja ya wakimbizi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa hapa mjini. Kyungu alikuwa kijana wakati huo. Muluba wa Katanga hakuhitaji kufundishwa maana ya kuitwa mgeni.

Hata hivyo gavana alisema yale aliyosema. Katika mikutano na kwa redio, watu wa Kasai walionyeshwa kuwa ndio sababu ya umaskini wa Katanga. Waliitwa bilulu. Ndugu wa Kivu, kama hamlijui neno hilo katika Kiswahili chenu, ni wadudu. Vijana wa chama, JUFERI, walipita nyumba kwa nyumba. Likasi iliwaka katika miezi ya mwisho ya 1992, Kolwezi ikafuata mwezi wa 3 mwaka 1993. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, wafanyakazi wa Gécamines waliambiwa kiti hiki si chako tena. Watu walikaa kwenye gare na mashuleni majuma kwa majuma, wengine miezi, wakingojea treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Watoto walikufa kwa kuhara na surua kabla treni haijafika, wengine ndani ya vagoni. Walioondolewa walikuwa mamia ya maelfu. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari hizo mwaka ule ule wa 1993, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 juu ya maovu yaliyotendwa Kongo iliyarudia, ikimtaja gavana.

Watu waliompenda Kyungu husema alikuwa akitetea watoto wa Katanga waliobaguliwa katika kazi za nchi yao wenyewe. Ubaguzi ule haukuwa hadithi. Hata baba yangu aliuonja. Wengine husema Mobutu ndiye aliyetaka mapigano hayo ili kuvunja upinzani, na hilo pia lina ukweli, kwa maana askari wa serikali kuu mara nyingi walisimama wakitazama. Lakini gavana ana redio, ana polisi, ana watu wanaongojea neno lake. Yakobo katika sura ya 3 ya waraka wake anafananisha ulimi na moto mdogo na msitu mkubwa. Wahubiri wengi hutumia sura hiyo kwa kina mama wanaosengenyana kisimani. Mimi naona ingefaa kuhubiriwa siku wabunge na magavana wanapokuja kukaa viti vya mbele.

Mali pia ilikwenda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa shaba tani zaidi ya 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Sababu ni nyingi: mgodi wa Kamoto ulioporomoka 1990, uporaji wa 1991, fedha zilizoliwa Kinshasa. Lakini mafundi waliopandishwa treni hawakuacha ujuzi wao kwenye gare.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, tunakaa Likasi. Jirani yetu alikuwa fundi wa nguo, mjane, mtu wa Kasai, na alikuwa akiongoza maombi ya wamama kanisani kwetu. Usiku vijana walipokuja kwake kulikuwa na mmoja niliyemjua kutoka shule ya Jumapili. Alikuwa ameshika kopo la petroli. Hawakuchoma, sijui kwa nini. Asubuhi yule mama alikuja kwetu na cherehani yake kichwani, akamwambia mama yangu: "Mama Kalenga, nitunzie. Nitarudi." Alienda gare na watoto watatu. Jumapili ile mchungaji alihubiri juu ya mavuno. Simhukumu, aliogopa, na sisi sote tuliogopa. Lakini hakuna aliyetaja viti vilivyokuwa wazi, na wamama waliomba bila mtu wa kuanzisha wimbo.

Desemba 1993 Nguza na Kyungu walitangaza kwamba Shaba ni jimbo lenye kujitawala na jina lake ni Katanga tena. Mwaka 1995 serikali ya Kengo wa Dondo ilimwondoa Kyungu kwenye ugavana. Miaka miwili baadaye Mobutu naye alikuwa ameanguka. Miaka ya Laurent Kabila naipita haraka.

Alirudi kwa nguvu na chama chake, UNAFEC, katika uchaguzi wa 2006. Mwanzoni mwa 2007 bunge jipya la jimbo lilimchagua Moïse Katumbi kuwa gavana, na Kyungu akakaa kiti cha rais wa bunge. Alikaa mpaka jimbo lenyewe lilipokatwa vipande. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yake ambayo mwalimu wetu alitaka kuieleza siku ile, na ina mambo ya kufundisha. Katumbi alikuwa na fedha, timu ya mpira na kupendwa na watu. Kyungu alikuwa na chama, vijana na sauti. Miaka ile barabara zilitengenezwa, kodi za madini na za mpaka wa Kasumbalesa zilileta fedha nyingi jimboni, na bunge halikumsumbua gavana sana. Wengine waliita hiyo amani. Kwangu ilikuwa amani ya watu wawili waliopatana, wakati kazi ya bunge ni kuuliza maswali hata kwa rafiki. Bunge lililonyamaza linampendeza gavana, lakini mama wa soko anayelipa ushuru mara tatu kwa siku hana tena mlango wa kubisha.

Na mambo ya zamani hayakulala kabisa. Kabla ya uchaguzi wa Novemba 2011 vijana wa UNAFEC na wale wa UDPS walipigana hapa Lubumbashi. Wazee waliosikia majina yale mawili pamoja tena walifunga milango mapema.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Kwa mtu aliyeitwa Baba wa Katanga lilikuwa pigo. Katanga yenyewe ilikuwa imeondoka kwenye ramani, na bunge aliloliongoza pamoja nayo. Septemba mwaka ule UNAFEC ilikuwa kati ya vyama saba, G7, vilivyomwandikia Joseph Kabila kumwomba aheshimu mwisho wa muhula wake, vikafukuzwa katika kundi la serikali. Barua tena, miaka 35 baada ya ile ya kwanza. Juni 2016, katika mkutano wa wapinzani kule Genval, Ubelgiji, kundi lake lilijiunga na Étienne Tshisekedi. Walikuwa ndugu wa kifungo, wakawa adui, sasa upande mmoja tena. Tshisekedi alifariki Februari 2017.

Kuna jambo moja zaidi, na nilipolisikia kwa redio nilizima redio nikakaa kimya kidogo. Juni 2019 Félix Tshisekedi, rais mwenye asili ya Kasai, mtoto wa Étienne, alimteua Kyungu kuwa mwenyekiti wa baraza la SNCC. SNCC ni kampuni ya reli. Ni mrithi wa BCK iliyowaleta babu zao kutoka Kasai, na vagoni zake ndizo zilizowarudisha wajukuu mwaka 1992 na 1993. Mtu anaweza kusema ni siasa tu, rais mpya alihitaji marafiki Katanga. Ni kweli, ni siasa. Lakini wako watu wa Kasai hapa mjini walioliona kama mkono ulionyoshwa na mtoto wa aliyekosewa, na wako waliosema mkono ule ulinyoshwa juu ya vichwa vyao, bila mtu kuwauliza. Nimewasikia wote wawili katika kanisa moja.

Kyungu alifariki Agosti 2021, nchini Angola, akiwa na zaidi ya miaka 80. Hakuna mahakama iliyowahi kumhukumu kwa mambo ya 1992 na 1993, na hakuna iliyomsafisha. Watu wengi walimlilia hapa Lubumbashi kwa machozi ya kweli.

Mei 2022 Askofu Mkuu Fulgence Muteba wa Kanisa Katoliki aliita kongamano la umoja na upatanisho wa Wakatanga, na Joseph Kabila na Moïse Katumbi wakapeana mkono mbele ya watu. Lilikuwa jambo jema. Lakini lilikuwa la Wakatanga kati yao. Swali la mama aliyetoka chumbani siku ile halikuwa kwenye meza.

Nalo linarudi. Miaka hii treni na malori yanaleta vijana wengi kutoka Kasai wanaokimbia njaa. Unawaona wakiendesha pikipiki, wakiuza maji, wakilala karibu na masoko. Maneno ya zamani yameanza kusikika kwenye teksibasi, na mengine nimeyasikia kwenye uwanja wa kanisa baada ya baraka. Yeremia, sura ya 29, aliwaagiza waliohamishwa waombee amani ya mji walimopelekwa. Tumezoea kuwasomea wageni sura hiyo. Wenyeji wa mji, nani anawasomea nini? Wabunge wetu wa sasa wa Haut-Katanga wanasikiliza mji kabla ya kusema. Wakisikia bilulu kanisani bila mtu kukemea, watajua kwamba neno hilo lina kura.

Kijana aliyeuliza swali alinifuata nje, akataka kujua kama ningempigia kura Kyungu. Nilimwambia kwamba baba yangu alimpigia mwaka 2006, na kwamba mimi nilikuwa na deni la kulipa kabla ya kufikiri juu ya kura.

Ile cherehani haikubaki kwetu. Mwaka 1994 mishahara ya Gécamines haikuja miezi mingi, na mama aliiuza kwa magunia mawili ya unga. Tulikula. Mwaka 2009 binti mkubwa wa yule jirani alirudi kutoka Mbuji-Mayi, akatafuta nyumba yetu, akakuta tumehamia Lubumbashi, akatufuata mpaka huku. Mama yake alikuwa amefariki. Hakuuliza juu ya mashine. Aliuliza kama kuna kanisa karibu. Mama yangu alimpeleka mwenyewe Jumapili iliyofuata, wakakaa benchi moja, na mama hakusema kitu mpaka alipokufa. Nilimwambia mimi, mwaka jana. Alinyamaza muda, kisha akauliza ilikuwa magunia mangapi.

Yeye ndiye aliyetoka siku ile kwenda kutafuta watoto wake. Anashona kwa mkono. Wiki ijayo tunakwenda naye sokoni Kenya kuangalia bei.